Mpira wa Katikati Hauna Mwenyewe

Aliyechelewa kutufikia asihangaike kutafuta magazeti ya nyuma, mengi yameshafungia maandazi. Kasmir wa Kizwite, fundi wa kufunga nyuzi za raketi na mwalimu wa tenisi wa watoto wasiopenda tenisi, bado ananiungamia mikosi yake, nami bado nawaletea. Amenipa sharti moja tu, nisimsifu. Sijawahi kupewa kazi rahisi kama hii.

Mnakumbuka tulipofika. Mashindano ya tenisi ya kulipwa yamekuja Sumbawanga kwa mara ya kwanza, na watu wameacha kupukuchua mahindi ili waende kutazama. Wenyeji wamepewa nafasi moja katika mchezo wa wanaume wawili wawili. Nafasi hiyo ilimwangukia Kasmir na rafiki yake Obed, Msukuma wa Laela, mrefu, anayetumia mkono wa kushoto na kupiga mpira wa kuanzisha kana kwamba umemkosea adabu.

Obed huyohuyo ndiye mshenga wa Kasmir. Alishapeleka posa kwa Mzee Adriano, baba yake Leonia, na mzee akajibu, "Nimesikia. Jibu nitatoa kwa wakati wangu." Ni wiki ya ngapi sasa, Kasmir hataki kuulizwa.

Basi Obed akaenda Kasesya, mpakani na Zambia, kutafuta viatu vya mchezo vya bei nafuu, na bodaboda ikamwangusha kando ya foleni ya malori. Goti likavimba likawa kubwa kuliko kichwa chake, na kichwa chake si kidogo. Hakuweza kurudi. Kanuni ziliruhusu mchezaji mwingine aingie badala yake, mradi awe amesajiliwa mkoani. Mbali na Kasmir na Obed, aliyesajiliwa alikuwa mtu mmoja tu.

Mzee Adriano.

Ndiyo, baba yake Leonia. Mwalimu mstaafu wa michezo, bingwa wa zamani wa kanda, enzi za raketi za mbao. Bahati ya Kasmir ndiyo ilivyo, haijawahi kumjia bila mzigo kichwani.

Sasa tuelewane kabla mpira haujarushwa. Kwa watu wa aina ya Mzee Adriano, kijana anayeposa ana adabu zake. Hamkazii mkwe macho. Hampi mgongo. Hapandishi sauti. Akiona mkwe ananyoosha mkono kuchukua kitu, yeye anaurudisha wa kwake. Na mkwe naye, akiwa mtu wa kujiheshimu, hagombanii kitu na kijana anayemposea binti. Mezani ni adabu nzuri sana, hata nyama inabaki. Kwenye tenisi ya wawili wawili ni maradhi.

Asubuhi ile Kasmir alifika uwanjani na suruali ya kitambaa, ile ya kwendea misa, imepigwa pasi ikakaa mstari.

"Kaptula yako iko wapi?" aliuliza mwamuzi. Huyu ni mama mmoja mkali anaitwa Dominika, aliyeketi juu ya ngazi iliyoazimwa kwa mafundi rangi.

"Nimeiacha nyumbani, mama."

"Utakimbiaje na hiyo?"

"Nitajitahidi, mama."

Angemwambia nini? Kwamba hajawahi kuonyesha magoti yake mbele ya baba wa Leonia, na hakuona sababu ya kuanza leo mbele ya umati? Mzee Adriano mwenyewe alitokea na kaptula nyeupe ya zamani, fupi kwelikweli, hana hata habari. Adabu ya magoti ni ya upande mmoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula, baba."

"Basi twende tukawatoe hawa."

Hawa walikuwa Mulenga na Chanda, Wazambia wawili waliokuwa wakiishi kwa tenisi kama sisi tunavyoishi kwa mahindi. Walikuwa vijana, na walikuwa na mikoba sita ya raketi kati yao. Kasmir alikuwa na raketi moja, na nyuzi zake alizifunga mwenyewe.

Mbele kabisa, kwenye kiti alichokuja nacho kutoka kwake, aliketi Flavian. Huyu mnamjua, mnunuzi wa mahindi wa Laela, mwenye koti la ngozi na pikapu nyeupe, naye anamtaka Leonia. Tenisi haijui. Mpira ukigonga wavu anapiga makofi. Lakini kila Mzee Adriano alipopita karibu, Flavian alisimama, akainama, akasema, "Pole na kazi, baba." Leonia alikuwa safu ya pili, amejikunyata ndani ya sweta, maana upepo wa Julai kwenye nyanda hizi hauna huruma na mtu.

Mzee Adriano alikuwa wa kuanzisha. Katika mchezo huu, mmoja akianzisha, mwenzake anasimama mbele karibu na wavu, ampe mgongo. Soma tena hapo mwisho. Ampe mgongo.

Kasmir alisogea mbele, akafikiri, akageuka akasimama ubavu.

"Mchezaji, uko tayari?" aliuliza Dominika.

"Niko tayari, mama."

"Mbona umekaa kama mtu anayechungulia dirishani?"

"Ndivyo ninavyocheza, mama."

Mpira wa Mulenga ulirudi ukampita kwenye ule upande ambao hakuwa akiutazama. Flavian akapiga makofi.

Pointi ya pili, Chanda aliurudisha katikati, kati ya Kasmir na mzee. Mpira wa kawaida tu, mwepesi, hata watoto wa Kasmir wasiopenda tenisi wangeupiga.

"Chukua, baba."

"Chukua wewe, kijana."

"Hapana, baba, tangulia."

Mpira ulidunda kati yao, ukadunda tena, ukaenda zake hadi kwenye ukuta. Wote wawili waliusindikiza kwa macho, kwa heshima kubwa.

Chanda alimtazama Mulenga. Mulenga aliutazama mpira. Kisha Chanda akamwomba mwamuzi mpira mwingine, akajipiga ishara ya msalaba. Tunawasamehe. Jina la mji wetu limetembea kuliko sisi wenyewe, na mgeni akiona jambo halieleweki Sumbawanga, hawazi mambo ya wakwe, anawaza mambo mengine.

Lakini watu wanaolipwa kwa kucheza hawachelewi kujifunza. Baada ya muda mfupi waligundua kwamba si uchawi, ni barabara. Kila mpira wakaupitisha katikati. Hawakuwa hata na haja ya kuupiga kwa nguvu.

Kasmir akaona apange mkakati. Wachezaji wa wawili wawili hunong'onezana kati ya pointi, wamefunika mdomo kwa mpira, maneno mawili matatu. Kasmir alimsogelea mzee, akasimama kwa adabu, macho chini.

"Baba, samahani kukusumbua."

"Hunisumbui."

"Nilikuwa naona, kama haitakuwa vibaya, na kama na wewe utaona inafaa..."

"Sema, mwanangu."

"Labda, kwa ruhusa yako lakini, hii mipira inayokuja pale, mahali pale pa..."

"Muda!" alifoka Dominika kutoka juu ya ngazi. "Onyo kwa wenyeji."

Mara ya pili alipojaribu, walinyang'anywa pointi. Mara ya tatu Kasmir hakujaribu tena. Seti ya kwanza ikaisha sita kwa moja, na ile moja tuliipata kwa sababu Chanda alishikwa na kicheko akashindwa kuanzisha.

"Hongereni sana, baba!" alisema Flavian. "Mmecheza vizuri!"

Mzee Adriano hakumjibu. Alikuwa anatazama raketi yake, na Kasmir anasema uso ule ulimuumiza kuliko matokeo. Mzee hakuwa na hasira. Alikuwa na haya.

Baada ya seti, kanuni zinaruhusu mtu aende haja. Hazikusema lolote kuhusu kwenda kutafuta mshenga.

Leonia ndiye aliyewafuata nyuma ya vyoo, simu ya Kasmir mkononi. Anauza duka la mbegu na dawa za mifugo mjini, amezoea kusuluhisha watu na ng'ombe, na alikuwa amechoka kutazama.

"Hivi mnafanya nini mle ndani? Mnachezea nani?"

"Leonia, mimi siwezi kumwambia baba..."

"Najua huwezi. Na yeye hawezi kukuambia. Aliyewekwa kwa kazi hiyo ni nani?"

"Obed."

"Basi."

Simu ikaita Kasesya. Obed alipokea akilalamika.

"Kasmir, uko na nani?"

"Ni mimi Leonia. Wewe uko na nani?"

"Niko na goti langu."

"Baba yuko hapa kulia kwangu. Kasmir yuko kushoto. Nimeweka sauti ya wote. Fanya kazi yako."

Mzee Adriano aligeukia ukuta, mikono nyuma. Kasmir aliutazama mchanga. Kati yao palikuwa na nafasi ya kuku wawili. Obed akakohoa, akabadili sauti, ikawa ile ya siku ya posa.

"Mzee wangu, shikamoo. Nimetumwa."

"Marahaba. Sema ulichotumwa."

Obed akakohoa tena.

"Kasmir," alisema Obed, "nimetumwa nini?"

"Mwambie baba naomba mipira ya katikati iwe yangu."

"Mzee, kijana wako anaomba mipira ya katikati iwe yake."

Mzee alikuwa amesikia mara ya kwanza, hata choo kilisikia. Lakini alisubiri ipite njia yake.

"Mwambie nimesikia. Ya katikati achukue. Ila mipira ya juu ni yangu. Tangu ujana wangu mpira wa juu haujanipita."

"Kasmir, ya juu ni ya mzee."

"Nimepokea."

"Na mgongo, baba?" aliuliza Leonia.

"Mwambie anipe mgongo. Ubavu wake nimeuona wa kutosha."

"Na suruali?" Kasmir alithubutu, kwa sauti ndogo.

"Mzee, kijana anauliza habari ya suruali."

Mzee alifikiri.

"Suruali abaki nayo."

"Mzee wangu," alisema Obed, sauti imejaa asali, "na kwa kuwa tuko hapa wote, lile jibu letu la..."

"Obed, tunacheza tenisi," alisema Mzee Adriano, na Leonia akakata simu kabla mambo hayajaharibika.

Hapo ndipo Kasmir alipomwona Leonia akicheka, kidogo tu, kwa pembeni. Anasema kama angekufa dakika ile angekufa mtu wa raha. Hakufa. Angekufa mimi ningeandika nini?

Seti ya pili watu hawakuamini macho yao. Kila mpira wa katikati, Kasmir huyo, suruali inapepea. Kila mpira wa juu, mzee huyo, mkono unapanda taratibu, halafu tap, mpira uko mahali Wazambia hawapo. Kumbe mzee ni fundi! Mguu umechoka lakini jicho bado lina umri wa miaka ishirini. Mulenga aliacha kucheka. Chanda alibadili raketi, akabadili tena. Sita kwa nne, seti ni ya wenyeji, na kina mama wa Kizwite wakapiga vigelegele ambavyo mwamuzi alivikataza na havikukatazika.

"Hongera, baba," alisema Flavian.

"Hiyo sasa umepatia," alijibu mzee.

Katika mchezo huu wa kulipwa seti ya tatu haichezwi yote. Panachezwa pointi chache za kukata shauri, na anayefika kumi kwanza, akimwacha mwenzake kwa mbili, ndiye aliyeshinda. Walikwenda sako kwa bako. Mara Wazambia mbele, mara wenyeji. Hadi Dominika akatangaza tisa kwa nane, wenyeji mbele. Ikipatikana moja tu, Kasmir na Mzee Adriano wako nusu fainali.

Na hapa, ndugu zangu, ndipo nilipomuuliza Kasmir swali ambalo hata wewe unalo mdomoni. Ya katikati ni ya Kasmir. Ya juu ni ya mzee. Je, mpira wa juu unaoangukia katikati ni wa nani?

"Hatukuuliza," alisema. "Obed hakutumwa hilo."

Mulenga, kwa hofu au kwa akili, aliupiga mpira juu. Juu sana, ukakaa huko ukiwatazama. Ulipoanza kushuka, ulishuka katikati.

"Wangu," alisema mzee kwa utulivu, akasimama chini yake, raketi begani.

Kasmir alisimama. Mkataba ni mkataba. Lakini upepo haukuwa nyuma ya vyoo wakati wanakubaliana. Uliusukuma mpira kidogo, ukausukuma tena, na Kasmir akaona wazi kabisa kwamba mzee anautafuta mahali ulipokuwa, si mahali unapokwenda. Jua lilikuwa machoni mwa mzee. Mguu wake haukusogea. Ule uso wa haya wa seti ya kwanza ulikuwa unarudi, na Kasmir hakutaka kuuona tena.

Angeweza kusema, "Samahani, baba." Angeweza kusema, "Naomba huo." Angeweza hata kunyamaza, wakapoteza pointi moja kwa adabu, mchezo ukaendelea. Mtu mwenye busara ana njia nyingi.

"Toka, we mzee!" alifoka Kasmir, na sauti ikafika sokoni. "Umesimama kama kinu!"

Mzee Adriano aliruka pembeni kama kijana. Kasmir akaupiga mpira kwa nguvu zote alizozaliwa nazo, ukapita kati ya Mulenga na Chanda, katikati hasa, ukagonga ukuta ukarudi.

Mama mmoja aliweka mkono mdomoni. Mwingine alivuta kitenge akafunika uso. Hata Flavian, ambaye hajui pointi ni nini, alijua alichokisikia, na taratibu, mtu yule akaanza kutabasamu.

"Mchezo umekwisha," alisema Dominika. "Wenyeji wameshinda."

Kasmir hakusherehekea. Alisimama na raketi yake, anamsubiri mzee ageuke.

Mzee aligeuka. Alimjia moja kwa moja. Na akamkumbatia.

Alimkumbatia kwelikweli, akamtikisa, akacheka hadi machozi yakamtoka. Watu wakalipuka kwa makofi.

"Umeniita nani?"

"Baba, nisamehe, ulimi uliteleza..."

"Kinu!" Mzee alijifuta macho. "Unajua mara ya mwisho mtu kunifokea uwanjani ilikuwa lini? Mwenzangu Zenon alikuwa hai. Zenon aliniita gunia. Zenon aliniita mbuzi wa sadaka mbele ya mkuu wa mkoa. Na tulikuwa hatufungwi, Kasmir. Nilipomzika niliitundika raketi yangu ukutani, kwa sababu wote waliobaki walikuwa wananiita mwalimu, wananipisha."

Kwa mara ya kwanza alikuwa amemwita Kasmir kwa jina. Kasmir aliona mlango umefunguka wazi. Na mimi nawaambia, mtu wa mikosi akiona mlango wazi ndipo aogope. Yeye akaingia.

"Baba," alisema, "basi kuhusu lile jibu."

"Jibu?" Mzee alimtazama kwa mapenzi kabisa. "Jibu umeshalitoa wewe mwenyewe."

"Sijaelewa, baba."

"Mkwe hamwiti mkwe kinu. Hilo la kinu halikuletwa na mshenga. Watu wote wamelisikia, na mama yake Leonia ameshapigiwa simu, ninavyowajua hawa. Sasa nifanye nini? Nikisema wewe ni mkwe, nikutoze faini, tupatanishwe, kesho uwanjani unarudi kule kule. 'Tangulia, baba. Samahani, baba.' Tunafungwa sita kwa moja." Alimwekea mkono begani. "Mimi nina magoti ya mwaka mmoja, labda miwili. Nataka kombe moja tu kabla hayajaisha. Wakwe wapo, Kasmir, wanajaa kwenye mabasi. Mtu wa kunifokea nimempata leo."

"Lakini baba, mimi Leonia..."

"Usiniite baba. Niite Adriano, kama Zenon." Alichukua taulo lake. "Kesho saa nne. Na uje na kaptula."

Kasmir anasema neno la kaptula ndilo lililomwingia. Kukataliwa angekataliwa, alishazoea. Lakini kuambiwa avae kaptula maana yake ni kwamba kuanzia sasa magoti yake hayana mwenye kuyaonea aibu.

Flavian alikuwa ameshafika. Alipokea mkoba wa mzee kwa mikono miwili, akapiga goti nusu, koti la ngozi likalia.

"Shikamoo, baba. Pole na kazi. Gari liko tayari."

Mzee Adriano alimtazama kijana huyu ambaye hajawahi kumpandishia sauti maishani. Akamtazama Kasmir. Akahema.

"Marahaba, mkwe," alisema.

Wakaenda. Watu walikuwa wakimpiga Kasmir mgongoni, wanamwita bingwa, mmoja anataka kupiga naye picha. Alikuwa ameshinda mchezo mkubwa kuliko yote ya maisha yake, na hakuna aliyekuja kumpa pole.

Leonia alipita kati ya watu hadi alipo. Hakuwa analia. Kasmir anasema afadhali angelia.

"Umesikia?" aliuliza Kasmir.

"Nimesikia tangu lile la kinu."

"Mimi nilitaka tu tusifungwe. Nilitaka asione aibu."

"Najua. Na mimi ndiye niliyeleta simu, kwa hiyo tusilaumiane." Alifunga sweta hadi shingoni. "Kesho washenga wa Flavian wanakuja nyumbani. Saa nne."

"Saa nne tunacheza."

"Ndiyo. Baba amepanga hivyo. Baba mdogo ndiye atakayewapokea. Baba kazi yake ni kukubali tu, na umemsikia." Alimtazama machoni, kitu ambacho kwao hawafanyi mbele za watu. "Nimewatazama asubuhi nzima mkiachiana mpira kwa heshima. Chukua wewe, hapana, chukua wewe. Mimi sitaki kuachiwa kwa heshima, Kasmir. Usipofika uwanjani, baba anatolewa na hatakusamehe mpaka anaingia kaburini. Ukifika, mimi nitakuwa jikoni nachemsha chai ya watu wa Laela. Kesho saa nne wewe utakuwa wapi?"

"Leonia, mimi..." ulianza mdomo uleule uliokuwa mwepesi chini ya mpira.

Honi ya pikapu ililia. Mzee Adriano alikuwa ametoa kichwa dirishani, amechangamka kama bwana harusi.

"Kasmir! Kaptula, usisahau! Leonia, twende, mwenzio anatusubiri!"

Leonia alisubiri kidogo. Kisha akageuka, akaenda. Pikapu ya Flavian ina kiti kimoja kirefu mbele, cha watu watatu. Mzee alishuka akampisha aingie, akapanda tena, mlango ukafungwa. Kasmir aliwaona kwa nyuma kupitia kioo wakiondoka kuelekea mjini, baba huku, Flavian kule, na Leonia wamemweka katikati.